Mpango wa ardhi wa Kaunti ya Mombasa unapopitiwa upya: namna ya kutoa maoni yakashika

Mpango wa matumizi ya ardhi haumpi mtu hatimiliki wala haumnyang'anyi. Unachoamua ni kitakachoruhusiwa kujengwa, na wapi: ghorofa ziende upande gani, magodauni yaishie wapi, barabara ipanuliwe kiasi gani, mikoko ipi isiguswe. Kwa Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012, mpango huu ni wa miaka 10, hupitiwa upya kila miaka 5, na marekebisho yake lazima yapitishwe na bunge la kaunti. Kifungu cha 115 cha sheria hiyo kimefanya kuushirikisha umma kuwa wajibu wa kaunti, si hisani. Taratibu za kuutayarisha na kuutangaza zimo katika Sheria ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya 2019.

Tatizo la Mombasa si watu kukosa maoni. Ukumbi ukifunguliwa, maoni yanamwagika hadi adhuhuri. Ila anayechora ramani ofisini hafanyi kazi na hotuba. Anafanya kazi na karatasi inayosema: hapa, kipande hiki, badilisheni hivi, sababu ni hii. Maoni yakiwa yameandikwa, yakataja mahali penyewe na yakafika kabla siku hazijakwisha, yana nafasi. Yakikosa moja kati ya hayo matatu, huishia kwenye sentensi moja ya ripoti: "wakazi walieleza wasiwasi wao."

Kwanza ujue ni mpango upi

Ipo mipango ya ngazi nne, na kupeleka hoja nzuri kwenye ngazi isiyohusika ni njia ya haraka ya kuipoteza. Wa juu ni wa taifa, unaoanzia 2015 hadi 2045. Chini yake kuna mpango wa kaunti zaidi ya moja, kisha wa kaunti, kisha wa eneo dogo kama mtaa au mji.

Ule wa kaunti zaidi ya moja hupuuzwa, ilhali Mombasa haiwezi kupanga peke yake. Maji yake hutoka Mzima kule Taita Taveta, Baricho katika Kilifi, na Marere na Tiwi katika Kwale. Ukitaka kuzungumzia bomba, chanzo cha maji au barabara inayovuka mpaka wa kaunti, uliza kama kuna mpango wa pamoja unaotayarishwa, na maoni yako yaende huko pia.

Tofauti ya mpango wa kaunti na wa eneo ni ya kipimo. Kwenye ramani ya 1:50,000, milimita moja ni mita 50. Ploti ya futi 50 kwa 100, yaani kama mita 15 kwa 30, haifiki hata hiyo milimita. Kwenye ramani ya 1:2,500, ploti hiyo hiyo inakuwa milimita 6 kwa 12, unaiwekea kidole. Kwa hiyo ukiambiwa "ploti yako haijaguswa" huku ramani iliyotandikwa mezani ni ya 1:50,000, aliyekwambia hivyo naye haioni. Kwenye mpango wa kaunti pigania mambo makubwa: ukanda wa viwanda, mabonde ya maji ya mvua, hori (mikono ya bahari inayoingia nchi kavu) na mikoko, barabara kuu, majaa ya taka. Habari za ploti moja moja zisubiri mpango wa eneo, lakini iandike sasa ile kanuni itakayoilinda.

Kabla ramani haijapakwa rangi

Kazi huanza kwa tangazo la nia ya kupanga, linalotolewa katika Gazeti Rasmi la Serikali na magazeti ya kitaifa. Gazeti Rasmi hutoka Ijumaa. Kikundi cha mtaa kinahitaji mtu mmoja tu wa kulipitia kila wiki kwenye simu, akitafuta "Mombasa" na jina la mtaa. Msitegemee bango kwa chifu. Huenda likabandikwa, huenda likachelewa, na siku zinahesabiwa kuanzia tarehe ya tangazo, si siku mliyoliona.

Hatua hii ndiyo rahisi kuliko zote kubadilisha kitu, na ndiyo watu wachache huifika. Wataalamu wanakusanya habari za hali ilivyo, na kwa sehemu kubwa wanategemea picha za satelaiti. Picha hizo zinaona paa. Hazioni makaburi ya ukoo yaliyo chini ya miembe, kijia kinachowapeleka wavuvi ufuoni, kisima kinachotegemewa maji ya mfereji yakikatika, wala kichaka kilicho kweli njia ya maji ya masika. Penye mti panaonekana pako wazi, na penye wazi panapewa matumizi mapya.

Basi tembeeni mtaa wenu watu wawili wawili, mmoja na simu, mwenzake na daftari. Kwa kila mahali andikeni jina linalotumiwa na watu, kinachofanyika pale, nani hukitumia na msimu gani. Pigeni picha inayoonyesha pia kitu kisichohama, kama msikiti, mnara wa simu au kona ya ukuta. Kisha nakilini majira ya ramani, yaani namba zinazoonyesha mahali penyewe. Kwenye ramani za simu, bonyeza mahali pale bila kuachia, namba mbili zitatokea. Kwa Mombasa ya kwanza huanza na -4 na ya pili na 39. Chukueni tarakimu tano baada ya nukta, hiyo ni takriban mita moja ardhini. Msiache alama ya kutoa. Ikidondoka, ploti ya Kisauni inaangukia Ethiopia.

Kuna mtego mwingine unaowanasa hata wasomi. Simu hutumia mfumo wa majira unaoitwa WGS 84, lakini ramani nyingi za zamani za Kenya zimechorwa kwa Arc 1960. Namba za simu zikiwekwa moja kwa moja kwenye ramani ya mfumo ule wa zamani, alama inasogea takriban mita 300. Kwenye kisiwa chenye mitaa iliyobanana kama Mvita, mita 300 ni mtaa mwingine kabisa. Juu ya orodha yenu andikeni wazi: "Majira haya ni ya WGS 84." Maneno hayo machache yamwondolee mchora ramani kisingizio.

Kama mnajua namba ya ploti, iwekeni pia. Upande wa bara ya kaskazini namba hubeba herufi MN pamoja na namba ya seksheni kwa Kirumi, na bara ya kusini ni MS. Sehemu kubwa ya kisiwani hutajwa kwa bloku. Namba bila seksheni haina maana, kwa sababu namba ile ile inaweza kuwapo katika seksheni mbili tofauti. Tazameni kwenye bili ya kodi ya ardhi au nakala ya hati, msibahatishe.

Kusoma rasimu

Rasimu ikikamilika hutangazwa tena, na umma hupewa muda wa kuikagua na kupeleka pingamizi kwa maandishi, kwa kawaida siku 60. Msiamini siku za kuambiwa, hata zilizoandikwa humu. Someni tangazo lenyewe, zungusheni tarehe ya mwisho kwenye kalenda, kisha rudini nyuma wiki moja. Hiyo ndiyo tarehe yenu.

Ramani za mipango nchini Kenya zina rangi na namba za kawaida. Hudhurungi, namba 0, ni makazi. Zambarau, 1, viwanda. Rangi ya chungwa, 2, elimu. Kijani, 3, burudani na viwanja vya michezo. Manjano, 4, matumizi ya umma. Nyekundu, 5, biashara. Samawati, 6, huduma kama maji na umeme. Kijivu, 7, uchukuzi. Hata hivyo anzeni na ufunguo ulio pembeni mwa ramani, maana wachoraji wengine hujitungia rangi zao.

Rangi inayohitaji macho makali ni manjano. Ikipakwa juu ya nyumba za watu, maana yake mpango unaliona eneo lile kama mahali pa zahanati, ofisi au kituo cha polisi, na aliyepo hapo atakuja kuitwa mvamizi. Ya pili ni ile rangi inayokosekana: uwanja mnaochezea mpira ambao kwenye ramani umemezwa na hudhurungi ya jirani. Haukupokonywa na yeyote, umesahaulika tu, na kilichosahaulika kwenye mpango ni rahisi kugawiwa baadaye.

Kwa barabara, tumieni rula. Kwenye 1:2,500, upana wa milimita 8 ni mita 20. Pimeni kutoka katikati ya barabara iliyopo na mtazame mstari unaishia ndani ya nyumba ngapi. Halafu tafuteni, kwa kawaida chini upande wa kulia, tarehe ya ramani ya msingi. Ikiwa picha ni ya miaka mingi nyuma na mtaa umejaa tangu hapo, hilo lenyewe ni pingamizi kamili: mpango umepanga watu ambao hauwajui.

Rasimu mkinyimwa, ombeni kwa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Ombi huandikwa kwa Kiingereza au Kiswahili, sheria imesema hivyo wazi, kwa hiyo asikuambie mtu ukatafsiri kwanza. Ofisi ina siku 21 za kujibu, na malipo ni ya kunakili tu. Ikikaa kimya au ikikataa, nendeni kwa Tume ya Haki ya Utawala. Pigeni hesabu lakini: siku 21 ndani ya 60 ni theluthi nzima ya muda wenu. Ombi liende siku ya kwanza.

Kuandika

Karatasi mbili zinatosha kwa jambo moja. Mambo matano, barua tano, kwa sababu barua moja yenye mambo matano hujibiwa lile jepesi. Tazameni tofauti hii.

Barua dhaifu: "Sisi wakazi tunapinga mpango huu kwa kuwa haututendei haki na hatukushirikishwa."

Barua inayofanya kazi, kwa mfano wa kubuni: "Kwenye rasimu, karatasi namba 4, kipande kilichopakwa nyekundu kati ya barabara ya shule na hori ndiyo njia pekee ya maji ya mvua ya mtaa wetu. Majira ya pembe zake nne (WGS 84) yameambatishwa. Masika maji hupita hapa kuelekea horini, picha tatu zenye tarehe zimeambatishwa. Pakijengwa, maji yatarudi kwenye nyumba zilizo upande wa juu. Tunaomba kipande hiki kipewe kijani, na upana wa njia ya maji upimwe na kuandikwa kwenye mpango."

Angalieni mwisho wake. Haukuishia kwenye "tunapinga", umependekeza rangi nyingine. Mtaalamu aliyepewa pendekezo ana kazi ya dakika kumi, aliyepewa hasira tupu hana la kuchora.

Kila anayetia sahihi aandike jina, mtaa na jinsi anavyohusika: mwenye ploti, mpangaji, mwenye nyumba isiyo na shamba, mvuvi, mwenye kibanda. Hapa Mombasa hili lina uzito wake. Watu wengi wana nyumba zao juu ya ardhi ya mtu mwingine, na mwenye ardhi huenda hata Pwani hakai. Barua za wenye ardhi haziwafikii. Lakini haki ya kutoa maoni haimfuati mwenye hati, na msikubali kuulizwa hatimiliki kabla barua yenu haijapokelewa. Mtaa wa namna hiyo unaweza hata kuomba utangazwe kuwa eneo maalumu la mipango, kama Mukuru kule Nairobi ilivyotangazwa 2017. Kule wakazi walipangwa kwa makundi ya nyumba kumi kumi, kila kundi likitoa msemaji, na mpango ukajengwa kutoka chini. Ni kazi ndefu. Mpaka sasa ndiyo njia tunayoiona inafaa zaidi kwa mitaa iliyobanana.

Chapisheni nakala mbili. Moja ibaki ofisini, ya pili irudi nanyi ikiwa na mhuri na tarehe. Barua isiyo na mhuri haikuwahi kuandikwa. Baada ya hapo tumeni pia kwa barua pepe, ili pawe na saa ya kutuma.

Mkutano wenyewe

Tarehe ikitangazwa, ichunguzeni. Ijumaa saa sita mchana, Ramadhani alasiri, siku za bamvua ambapo wavuvi wako baharini: mkutano wa namna hiyo utakuwa na viti vingi kuliko watu. Ombeni kwa barua ubadilishwe, mkitaja nani atakosa. Hata wakikataa, barua ni ushahidi. Mkutano wa kaunti nzima kwenye ukumbi mmoja wa kisiwani nao haumfai mtu wa Mwakirunge au Mtongwe. Kaunti ina wadi 30, ombeni angalau kikao kimoja kwa kila kaunti ndogo kati ya zile sita.

Kabla ya kutia sahihi orodha ya mahudhurio, someni kichwa cha karatasi. Kiwe "waliohudhuria", kisiwe "waliokubali". Sahihi zilizotiwa wakati wa kupokea nauli ya matatu zimewahi kutumiwa kama uthibitisho wa ridhaa, na ukishatia, kuifuta ni shughuli. Karatasi ikiwa haina kichwa, kiandikeni wenyewe juu.

Chagueni wasemaji wawili tu, kila mmoja na hoja moja, dakika tatu. Wengine wabebe nakala. Kabla mkutano haujafungwa, simameni mwombe katibu asome alichokiandika kuhusu hoja yenu. Hili huwaudhi wenyeji wa mkutano, lakini ndipo unagundua kwamba "njia ya maji" imeandikwa "wanaomba maji".

Angalieni pia mpangilio wa mambo. Kikao kilichofanyika kabla rasimu haijakuwapo hakiwezi kuhesabiwa kuwa kikao cha kuijadili. Katika kesi ya mtambo wa makaa ya mawe wa Lamu, Mahakama ya Kitaifa ya Mazingira ilifuta leseni Juni 2019, na sababu mojawapo ilikuwa wananchi kukosa kushirikishwa ipasavyo baada ya ripoti ya athari kutayarishwa. Wekeni rekodi: tarehe ya kila kikao, na hati iliyokuwa mezani siku ile.

Baada ya siku kwisha

Ombeni jedwali la maoni na majibu, linaloonyesha kila hoja, aliyeitoa, iliyokubaliwa, iliyokataliwa na kwa nini. Kama halipo, kuliomba huwalazimisha walitengeneze, na tena mna ile sheria ya siku 21.

Mpango ukifika bunge la kaunti, mna nafasi ya pili. Ibara ya 196 ya Katiba inalitaka bunge hilo kuushirikisha umma katika kazi zake. Tangazo la kamati mara nyingi hutoa siku chache mno, kwa hiyo barua ya karani wa bunge iwe tayari tangu mapema, ikiambatishwa na nakala yenye mhuri. Mwakilishi wadi wenu naye apewe ramani iliyozungushwa kalamu, si maelezo ya mdomo kwenye sherehe.

Mkishinda, fuateni pesa. Uwanja uliopakwa kijani bila bajeti ya uzio na upimaji utakuwa na mabati ndani ya miaka michache. Mpango wa maendeleo wa mwaka hufikishwa bungeni kufikia Septemba 1, karatasi ya mkakati wa fedha kufikia Februari 28, na makadirio ya bajeti kufikia Aprili 30. Hoja yenu iingie katika yote matatu kwa maneno yale yale.

Na mpango mzuri unaweza kutobolewa ploti moja baada ya nyingine kwa vibali vya kubadili matumizi. Lile bango dogo kwenye ua, au tangazo la gazetini, kwa kawaida hutoa siku 14 za pingamizi. Lipigeni picha lilipo, kwa sababu hupotea. Kibali kikitolewa na hamkuridhika, rufaa huenda kwa Kamati ya Usuluhishi ya Mipango na Matumizi ya Ardhi ya kaunti ndani ya siku 14 tangu uamuzi, na kutoka hapo Mahakama ya Mazingira na Ardhi, ambayo ina kituo Mombasa. Siku hizo 14 huhesabiwa tangu uamuzi utolewe. Kwa hiyo yule wa kulipitia Gazeti Rasmi kila Ijumaa apite pia idara ya mipango kila wiki, aulize ni vibali gani vya mtaa wenu vimeamuliwa.